Mtoto wa Naserian

Kuna mama anayeuza odowa karibu na soko la Kitengela. Huyapanga yale mawe laini ya udongo juu ya gunia, kando ya ndizi na njugu. Juzi nilisimama kwake kununua ndizi, na kabla sijaondoka nikajikuta nimeokota kipande cha odowa na kukipeleka puani. Kilinukia vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza. Yule mama akacheka, akaliangalia tumbo langu.

"Iko miezi mingapi?"

Nilimwambia sina mimba. Akacheka tena, kicheko cha mtu aliyezoea kudanganywa.

"Sawa tu, mrembo. Lakini odowa haidanganyi."

Nilikirudisha kile kipande pale nilipokitoa nikaenda zangu, na sikuweza kula zile ndizi. Maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyomhukumu dada yangu Naserian, zamani, tulipokuwa tunaishi nyumba ya mabati upande wa chini wa mji, kabla magorofa hayajatuzunguka.

Naserian alikuwa na miaka kumi na tatu, mimi saba. Tulikuwa wawili tu. Baba, Mmaasai wa Kimuka, alikuwa na bucha, na siku nyingi alikuwa minadani akitafuta ng'ombe. Mama alitoka upande wa Nyeri. Alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama kanisani, na ile kazi aliishika kama watu wengine wanavyoshika shamba. Nyumba yetu ilifagiliwa mara mbili kwa siku kwa sababu mtu wa kanisa angeweza kuingia wakati wowote.

Dada yangu aliimba. Sisemi hivyo kwa sababu ni dada yangu. Katika kwaya ya watoto yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na sauti yake ilipopanda, wazee waliokuwa wanasinzia kwenye viti vya nyuma waliinua vichwa. Kwa hivyo siku sauti hiyo ilipomkatikia katikati ya wimbo, kanisa zima liliona. Alifungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka. Akashika kifua, akateremka, akaketi kwenye ngazi za mbele, machoni pa watu wote, akipumua kama mtu aliyekimbia kutoka Isinya.

Dalili zilikuwepo kabla ya hapo, lakini kila moja ilikuja peke yake na kila moja ilikuwa na jina lake. Alipokataa nyama, Mama alisema anaringa, mtoto wa mwenye bucha. Baba alimletea maini, akala vipande viwili, akaenda kutapika nyuma ya choo. Alipolala darasani, mwalimu alimwita mvivu. Alipolalamika kwamba tumbo linamuuma hapa juu, chini ya kifua, hasa akiwa na njaa, Mama alimwambia kwamba tumbo kuuma ni kawaida ya wasichana wakikua. Mama mwenyewe alikuwa na kiungulia cha miaka mingi. Alikunywa maziwa, akapiga mbweu na kuendelea na kazi.

Halafu Mama akakuta odowa chini ya godoro letu.

Mimi nilijua zilikuwa hapo. Usiku nilimsikia Naserian akitafuna, kru kru kru, kama panya kwenye mahindi. Aliwahi kunionjesha. Ilikuwa na ladha ya ukuta. Nilimuuliza kwa nini anakula mawe, akasema hajui, mdomo unayaitisha tu.

Jumamosi hiyo alikuja mama mmoja wa kikundi, mtu mzima aliyezaa wengi na kuzalisha wengi zaidi. Mama alimwita Naserian sebuleni, akaambiwa akae kwenye stuli na kuinua kidevu. Nilikuwa sakafuni nikicheza na vifuniko vya soda. Yule mama hakumgusa. Alimwangalia tu shingoni, pale kwenye kishimo juu ya mfupa wa kifua, na hata mimi nilikiona alichokuwa anakiangalia. Ngozi ilikuwa inaruka. Ilipanda na kushuka upesi upesi, kama koo la chura.

"Umeona hiyo shingo?" yule mama alimwambia Mama kwa sauti ya chini. "Shingo ya msichana haipigi hivyo bure. Na mwezi wake?"

"Haijaonekana tangu shule ifunguliwe."

"Basi."

Alisema "basi" ile moja tu, na nyumba ikabadilika.

Sikuelewa mambo mengi yaliyosemwa siku zilizofuata, lakini nilielewa kwamba dada yangu ana mtoto tumboni. Hilo lilinifurahisha sana, na sikuelewa kwa nini ni mimi peke yangu. Mama alifunga mlango wa chumba na kumpiga kwa mkanda wa Baba. Swali lilikuwa moja.

"Ni ya nani?"

"Si ya mtu, Mama. Hakuna."

"Naserian, ni ya nani? Ni ya huyo mwalimu wa kwaya?"

"Hakuna kitu, Mama, nimechoka tu. Naapa."

"Unaapa kwa jina la nani na odowa iko kwa kitanda?"

Kipimo kingemaliza maneno yote hayo. Kiliuzwa kila duka la dawa. Lakini mwenye duka la dawa la mtaani kwetu alikuwa wa kanisa letu, na Mama hakutaka kuonekana ameingia pale, wala hakuona haja, maana jibu alishakuwa nalo. Baba aliporudi kutoka mnadani alisikiliza yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Hakumpiga dada yangu. Hakumwuliza chochote pia. Alisema, "Mpeleke kwa mama yangu mpaka hiyo kitu iishe," akatoka kwenda kunoa visu.

Hivyo Naserian aliondolewa shule katikati ya muhula akapelekwa Kimuka kwa Koko, nyanya yetu, na watu wakaambiwa ameenda kumsaidia mzee. Mimi nilibaki na kitanda kizima. Nilikuwa na sweta niliyovaa nikiwa mchanga, ya manjano, ambayo Mama alikuwa anapangusia vumbi. Niliifua mwenyewe kwa sabuni ya kipande na kuificha kwenye mfuko wa shule. Shule zilipofungwa nikapelekwa Kimuka nikamsaidie dada kuchota maji, na sweta niliibeba.

Kimuka kuna baridi. Upepo hauchoki kule, na kwenye milima ya Ngong yale mapanga marefu meupe ya mitambo ya umeme wa upepo yanazunguka mchana kutwa. Nilikimbia kumwinamishia Koko kichwa, akanigusa utosini kwa kiganja chake kikavu, akanisalimu kwa Kimaasai kama mtoto wake.

"Takwenya, enkerai ai."

"Iko, Koko," nikaitikia.

Nyuma yake, mlangoni, alisimama mtu ambaye sikumtambua mara moja. Naserian alikuwa amepauka. Sijui niseme namna gani kwa mtu mweusi kama sisi. Weusi ulikuwepo lakini kilichokuwa chini yake, kile kinachoufanya ung'ae, kilikuwa kimeondoka. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Kucha zilikuwa zimebonyea katikati. Alinikumbatia, na nikaona amechoka kwa kunikumbatia.

Jambo la kwanza nililofanya ni kulitafuta tumbo. Halikuwepo. Nilimpa ile sweta, nikamwambia ni ya mtoto. Naserian aliishika muda mrefu.

"Hakuna mtoto," akaniambia.

"Mama alisema yuko."

"Najua Mama alisema."

"Labda ni mdogo. Labda amejificha."

Aliikunja ile sweta. Lakini nilimsumbua kila siku, kama watoto wanavyosumbua, hadi mchana mmoja akiwa amelala juani kando ya ukuta wa nyumba akachoka kunikataza. "Basi msikilize," akasema, akanyanyua shuka. Niliweka sikio chini ya kifua chake. Ndani kulikuwa na ngurumo za maji, na nyuma ya ngurumo, du du du du, haraka sana na kwa nguvu, kiasi kwamba shavu langu lilitikisika.

"Anapiga miguu!" nikasema. "Anakimbia!"

Naserian alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa. Nilipokua ndipo nilipoelewa hofu ile. Alikuwa peke yake miezi yote hiyo, na kila mtu mzima aliyemheshimu alikuwa amemwambia jambo moja. Jioni yake, tukiwa tunakoka moto, alimwuliza Koko bila kuinua macho kama msichana anaweza kupata mimba kwa kukalia kiti alichokalia mwanamume. Koko aliacha kupuliza moto.

"Nani amekufundisha hayo?"

"Hakuna. Nauliza tu. Maana mimi sikumbuki kitu, Koko. Nimejaribu kukumbuka."

Koko alimlaza pale pale kwenye ngozi, akamkanda tumbo kwa mikono miwili, polepole, kuanzia kitovuni kwenda chini. Alipopandisha mkono chini ya mbavu, Naserian alipiga kelele. Koko akaondoa mikono, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hapa hapana mtu. Hapa iko ugonjwa."

Koko alikuwa na simu ndogo, nami ndiye niliyempigia namba ya Mama. Nilimsikia Mama upande wa pili, sauti yake ikiwa ile ya kanisani, laini na iliyofungwa.

"Mama, ni changa bado. Zingine huchelewa kuonekana. Wewe nitunzie tu, tafadhali. Nikimleta huku watu watamwona."

"Mtoto yako anaisha," Koko alisema.

"Naomba, Mama."

Koko alimchemshia mizizi, akampa supu, akampa damu ya mbuzi iliyochanganywa na maziwa, kama alivyowapa wanawe walipokuwa wagonjwa. Vyote vilirudi. Usiku aliendelea kutafuna, sasa udongo wa ukuta, kwa sababu odowa ilikuwa imeisha. Nyuma ya kitanda palikuwa na kishimo alichokichimba kwa ukucha.

Naserian alianguka asubuhi moja, kwenye njia ya kwenda kwenye tangi la maji. Alikuwa mbele yangu na mtungi mdogo ambao hata mimi ningeubeba. Aliuweka chini vizuri, akageuka kama anayetaka kuniambia jambo, akapiga magoti na kutapika. Kilichotoka kilikuwa cheusi, chembechembe, kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio. Kisha akalala ubavu, uso juu ya mawe. Nilikimbia kwa Koko nikipiga kelele kwamba mtoto anatoka kwa mdomo.

Jirani aliyekuwa anapeleka maziwa Kiserian alishusha mitungi yake kando ya barabara, tukamweka Naserian nyuma ya pikapu, kichwa chake mapajani kwa Koko. Hospitalini daktari alikuwa msichana mwenye macho yaliyokosa usingizi. Alivuta kope la chini la Naserian kwa kidole gumba. Ndani, mahali ambapo kwangu na kwako pana wekundu, palikuwa peupe kama ugali. Alivuta la pili, kana kwamba la kwanza lilikuwa limekosea.

Mama alifika mchana, amevaa kitambaa cha kikundi kwa sababu alikuwa ametolewa mkutanoni. Tayari damu ya mtu mwingine ilikuwa inaingia mkononi mwa dada yangu, tone baada ya tone. Daktari alimwita pembeni, lakini pembeni ya wodi ile haikuwa mbali.

"Mama, hii historia ya mimba imetoka wapi?"

Mama alinitazama mimi, kisha mlango. "Si ako nayo?"

"Hana. Tumepima. Na hajawahi kuguswa na mtu. Nani aliwaambia?"

"Shingo yake," Mama akasema. "Shingo ilikuwa inapiga. Na alikuwa anakula odowa."

Daktari alipangusa uso kwa kiganja. Alipozungumza tena hakuwa na ukali, na nadhani Mama angependelea ukali.

"Mtu akiishiwa na damu, moyo unakimbia kuizungusha hiyo kidogo iliyobaki. Hiyo ndiyo mliona kwa shingo. Na mwili ukikosa madini ya chuma, wengine hutamani udongo, hata watoto. Hata mwezi unaweza kukatika. Mama, huyu mtoto ametembea na damu chini ya nusu. Sijui ametembeaje."

Baadaye walimpeleka Nairobi, wakamwingiza mpira wenye kamera hadi tumboni. Walikuta kidonda kinachovuja, na wakakuta kilichokileta, bakteria anayejichimbia kwenye ukuta wa tumbo na kuishi humo miaka. Walisema mara nyingi huingia utotoni, kwa maji, au kwa watu wa nyumba moja kupokezana vijiko na vikombe, na akikaa sana humfanya mtu asikie chakula kinanuka na asifaidi hata kile anachokula. Sisi wote tulipimwa. Mimi nilikuwa naye. Mama pia alikuwa naye, inaonekana kwa muda mrefu kuliko sote, kile kiungulia chake cha maziwa. Daktari hakusema kwamba alitoka kwake. Alisema tu haiwezekani kujua. Lakini nilimwona Mama kwenye benchi la korido akiwa ameishika mikono yake miwili na kuiangalia, ile iliyotulisha chakula alichotutafunia tukiwa wadogo.

Mimi nilisikia kwamba kuna mdudu tumboni mwa dada, nikafanya hesabu yangu ya miaka saba. Nilienda kitandani kwake na kumnong'oneza, "Kwani mtoto aligeuka kuwa mdudu?"

Naserian alicheka. Kicheko kilimuuma, akashika tumbo, na kicheko kikageuka kilio ambacho muuguzi alishindwa kukinyamazisha.

Alipewa dawa za aina tatu, chungu, za wiki mbili, na dawa ya kuongeza damu iliyofanya meno yake kuwa meusi. Akapona. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo, jinsi ugonjwa wenyewe ulivyokuwa mwepesi kuondoka ulipopewa jina lake. Njaa ilirudi kwanza, kisha rangi ya midomo. Shule zilipofunguliwa alirudi Kitengela akiwa mrefu zaidi, na shingo yake ilikuwa imetulia.

Lakini Kitengela ilikuwa inamsubiri. Siri ya Mama ilikuwa imetoka zamani, labda kwa yule mama aliyeangalia shingo, labda ilitoka yenyewe kama siri zinavyotoka. Watu walijua Naserian aliondoka na mimba. Sasa amerudi bila mtoto. Walifanya hesabu na wao, na hesabu yao haikuwa ya miaka saba.

"Ametoa." Nililisikia neno hilo kwa mara ya kwanza kwenye foleni ya maji, likisemwa juu ya kichwa changu. Shuleni wasichana walihama dawati lake. Mwalimu wa kwaya, kijana wa watu ambaye alikuwa ameshaondoka kanisani kwa sababu ya uvumi, hakurudi. Aliyechukua nafasi yake alimwambia Naserian kwa upole kwamba sauti yake bado ingehitaji kupumzika.

Naserian hakuomba kitu kingine. Alimwomba Mama awaambie, mara moja tu. Mama alisema atawaambia wakati ukifika.

Wakati ulifika siku kikundi kilipokuja kwetu kwa maombi. Sebule ilijaa. Naserian alikuwa jikoni akipakua chai, nami nikiwa na sahani ya mandazi. Tulipoingia, Mama alikuwa amesimama akitoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe."

"Amen."

"Nimepitia moto, dada zangu. Mnajua. Lakini Mungu amenirudishia mtoto wangu. Yaliyopita ameyafuta. Amemfanya mpya."

"Amen! Haleluya!"

Wengine walikuwa wanalia. Yule wa shingo alikuwa amefumba macho na kuinua mkono. Naserian alisimama na trei ya vikombe, mvuke ukimpanda usoni.

"Mama," akasema, si kwa sauti kubwa. "Waambie nilikuwa mgonjwa wa nini."

Wote wakamgeukia Mama. Ninaukumbuka uso wa Mama wakati huo kuliko ninavyoukumbuka wakati wowote mwingine. Mdomo ulifunguka. Niliona neno likija, nadhani hata wao waliliona. Ili alitoe, ingebidi atoe na mkanda, na miezi ile ya Kimuka, na simu ile ya Koko, mbele ya watu ambao heshima yao ndiyo iliyokuwa paa la nyumba yake.

"Naserian," akasema, "leta sukari."

Dada yangu aliweka trei mezani. Alienda jikoni, akaleta sukari, akaizungusha kwa kila mgeni, kijiko kimoja, viwili, akirudi nyuma kwa adabu kama alivyofundishwa. Kisha akatoka nje. Mwisho wa muhula alimwambia Baba anataka kwenda kusoma Loitokitok, kwa shangazi. Baba alimpeleka mwenyewe. Njia nzima, aliniambia baadaye Naserian, alimnunulia kila kitu kilichouzwa dirishani mwa gari.

Hakurudi kukaa nasi tena. Yuko kule hadi leo, ana mume mwema na mashamba ya vitunguu na nyanya chini ya mlima, ana watoto wawili ambao huwavuta kope kila mara kuangalia wekundu. Haimbi. Mama alimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada, wakazungumza juu ya mvua na bei ya vitunguu. Sijui kama waliwahi kuzungumza lingine. Mama alifariki mwaka uliopita, kwa ugonjwa wa moyo, na ile sentensi moja hakuisema.

Naserian alikuja kumzika. Alifanya yote ambayo mtoto wa kwanza hufanya. Alipika na wapishi, akapokea wageni, akatupa udongo kaburini. Watu walipoanza kutawanyika, mmoja wa wale akina mama wa zamani, sasa anatembelea fimbo, alimfuata na kumshika mikono yote miwili. Nilikuwa karibu. Nilisikia.

"Tulikuombea sana, mwanangu," bibi alisema, na alimaanisha, macho yake yalijaa machozi. "Hata wakati ule. Na unaona, Mungu alikusamehe. Amekupa wengine."

Nilivuta pumzi ili nijibu. Naserian alinigusa kiwiko, kidogo tu, nikanyamaza.

"Asante, mama," akamwambia. Akamsaidia kupita kwenye matope hadi kwenye gari, akamfungia mlango, kisha akaenda kuosha masufuria.